Kipimo cha Kofia ya Sungura

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, huko kwetu Naipingo, bibi mzaa baba alipoamua kumshonea mdogo wangu Saidi kofia ya ngozi ya sungura. Saidi alikuwa mgonjwa tangu ananyonya. Baridi ya asubuhi ikimpata tu, mifupa inamuuma, analia mpaka sauti inakauka. Hospitali walimpa dawa, akapata nafuu, akaugua tena. Bibi akasema baridi humwingia mtoto kupitia utosini, basi utosi ufunikwe.

Baba alinasa sungura kwenye shamba la ufuta. Bibi aliikwangua ngozi, akaipaka majivu, akaisugua kwa mafuta ya ufuta mpaka ikalainika kama kitenge kikuukuu. Uzi aliuchomoa kwenye gunia la korosho, na sindano ilikuwa shazia, ile ya kushonea magunia. Kitu kimoja alikikataa katakata: kumpima Saidi kwa kamba. Kwetu anayepimwa kwa kamba ni maiti, ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi. Kwa hiyo alimshika Saidi kichwa kwa viganja viwili, akatembea hadi jikoni mikono ikiwa imeachana vilevile hewani, akawa anajaribu kibuyu kimoja baada ya kingine hadi akapata kinacholingana. Tulicheka sana. Nadhani nyumba yetu haikucheka tena namna ile.

Kofia ikatoka ndogo, ikambana, Saidi akalia. Bibi aliifumua, akaenda Ruangwa kwa kaka yake kuomba ngozi nyingine.

Mama alibaki na hofu. Ngozi ya pili ikiharibika, ya tatu itatoka wapi, na baridi ndiyo kwanza inazidi? Akachomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akauzungusha kichwani kwa Saidi, akapiga fundo. Bibi aliporudi akauona juu ya mkeka, akamwita mama kwa jina langu.

"Mama Zuhura, nani kampima mtoto?"

"Mimi, mama. Nilitaka imtoshe."

"Mtoto yu hai, wewe unampima?"

Mama alipiga magoti. Bibi aliuokota ule uzi, akautazama, kisha akaanza kukata ngozi kwa kuufuata. "Kipimo hakirudi," alisema.

Safari hii kofia ilimkaa Saidi sawasawa, manyoya ndani, yamegusa masikio. Alirukaruka uani akituambia yeye ni sungura, tumkamate kama tunaweza. Mikorosho ilipoanza kutoa maua, alifariki.

Wazee walipokuja na kamba, mama alijilaza mlangoni. "Msimpime tena," alisema. "Nilishampima mimi." Ilibidi baba amwinue. Kofia haikuzikwa naye, kwa maana maiti huvaa sanda tu. Bibi hakuwahi kumlaumu mama hata siku moja, na mimi naona heri angemlaumu, wakagombana, yakaisha.

Mwaka jana mwanangu wa kwanza aliugua vilevile. Hospitali ya Nachingwea wakampima damu, wakanieleza habari za seli mundu, ugonjwa ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, na kwamba baridi huamsha maumivu yake. Nililia kwa ajili ya mwanangu. Lakini nikakimbilia kwa mama, maana nilidhani angalau yeye nimempatia nafuu.

"Mama, uzi ule haukumuua Saidi. Ni ugonjwa wa damu."

"Damu ya nani?"

"Yako na ya baba."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. "Basi ni mimi tu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Dawa mwanangu anakunywa, kliniki tunakwenda. Siamini kwamba uzi unaua. Ila kofia zake nazinunua gulioni kwa kukadiria, na zikimbana namvua, nanunua nyingine. Fundi cherehani akichukua futi yake, namwomba airudishe shingoni, namwonyesha ukubwa kwa viganja vyangu.