Tulivyokausha kisima cha Mama kwa pampu ya sola

Wakuu, salaam kutoka Lubumbashi. Haya sikuhadithiwa, nilikuwepo. Nimemsomea Mama kwanza, akacheka, akaniruhusu niyaweke humu.

Mama yetu ni mjane, analima nje ya mji, upande wa Kipushi. Kiangazi cha huku ni kirefu, halidondoki hata tone, kwa hiyo maharage yake yanaishi kwa kisima tu.

Zamani tulikuwa na pampu ya mazutu, yaani dizeli. Kelele, moshi, na siku unayoihitaji ndiyo inagoma.

Kaka mkubwa akachoka. Akasema maharage yakifa tena msimu huu, Mama anahamia mjini, kwenye chumba cha uani kwake Katuba. Mama hataki hata kusikia. Shamba ndilo linalomwamsha asubuhi.

Basi ndugu wote tukachanga, tukanunua pampu ya sola. Fundi akafunga paneli, maji yakaruka. Mama akapiga vigelegele, na mimi pia, sioni aibu.

Sasa nyie wenye umeme wa uhakika hamtaelewa. Sisi umeme ukirudi, nyumba nzima inakurupuka: huyu pasi, yule simu, mwingine anajaza ndoo, maana hujui utakatika saa ngapi. Ni ugonjwa wa mji mzima.

Tukauhamishia shambani. Jua likichomoza tu, Mama anapaza sauti:

"Batoto, courant iko! Muvute mayi yote mbele ikatike!"

Yaani umeme upo, tuvute maji yote kabla haujakatika. Nasi tunavuta. Mapipa, beseni, sufuria. Vikijaa tunamwaga shambani mpaka matope. Hakuna aliyefikiri kwamba kesho jua litatoka tena bila kuomba ruhusa ya mtu.

Haikuchukua muda pampu ikaanza kukohoa. Ikatoa tope, kisha hewa. Kisima kimekauka, na maharage ndiyo kwanza yanatoa maua.

Kaka akaja kuona. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mama, njo vile. Tufunge bintu." Yaani ndiyo hivyo, tufunge vitu vyake, ahamie mjini.

Mama akakaa kwenye tuta, akalia. Kisha akajifuta uso.

"Hapana. Mayi nayo inachoka. Tuiache ilale."

Tukazima pampu. Maji yaliyojikusanya chini usiku tukayachota kidogo kidogo kwa ndoo, tunamwagilia shinani tu. Nyasi kavu, ambazo huku kila mtu anachoma moto, tukazitandaza kwenye matuta ili udongo ushike unyevu.

Kisima kikaanza kurudisha maji. Tukainua pipa moja juu ya matofali: asubuhi pampu inalijaza, inazimwa, jioni maji yanateremka yenyewe kwa mpira.

Wakuu, kazi ngumu ilikuwa kuitazama pampu imezimwa na jua linawaka kutwa! Mikono inawasha. Tukavumilia.

Yapo maharage yaliyokufa, sidanganyi. Ila mengi yalibeba.

Jumapili iliyopita tumeyala na bukari, ugali wa huku, hapo hapo shambani. Kaka aliongeza sahani ya pili. Halafu akauliza habari ya kile chumba cha uani:

"Mama, ile chambre... nipangishe bantu?"

"Pangisha, mutoto yangu."

Nilichojifunza: haraka haraka haina baraka. Jua halikatwi na mtu, kinachoisha ni maji ya chini.

Nani humu anamwagilia kiangazi kwa sola? Unajuaje kwamba leo inatosha, uzime? Semeni, Mama anataka nimsomee majibu yenu.