Ndoto ya Shangazi

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: je, ni halali kumpelekea mtu nisiyemjua ndoto ya shangazi yangu?

Nilikuwa nimehitimu, sina kazi, nikikaa kwa shangazi huko Bofu, ng'ambo ya feri, na kusoma saikolojia ya mwanzo kwa njia ya posta. Mihadhara ilikuja kwenye kaseti. Mwalimu sikuwahi kumwona. Nilijua sauti yake tu, ya polepole, kama mtu anayezungumza huku amefumba macho. Zoezi la ndoto lilitaka tumrekodi mtu mwingine akisimulia ndoto yake mara tu aamkapo.

Kwetu ndoto haisimuliwi mpaka msikilizaji aseme, "Kheri inshallah." Nikasema, nikabonyeza redio ya kaseti irekodi. Shangazi akasimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuja kukaa barazani, akamenya chungwa taratibu, wala asimtazame.

Nikamwambia kaseti inakwenda kwa mwalimu.

"Na yeye atasema kheri?"

"Yeye atatoa alama, shangazi."

"Alama? Za mume wangu?" Akacheka. "Haya, peleka. Wewe ndiwe msomi."

Ruhusa ile ikanizidishia wasiwasi. Amekubali kwa moyo, au amenionea haya? Nikawa natembea na kaseti mfukoni, na kila nikifumba macho nasikia harufu ya maganda ya chungwa.

Asubuhi moja niliamka na ndoto yangu mwenyewe, fupi, ya kutembea juu ya maji bila kulowa. Nikamrudishia shangazi kaseti yake. Nikarekodi yangu kwenye nyingine, nikijua nitakatwa alama, nikavuka feri kwenda kuiposti.