Mwaka wa Kungoja Toleo Jipya

Chumba cha seva kazini kwetu hakina dirisha. Kina kiyoyozi kinachonguruma kutwa, kiti kimoja, na mimi. Eldoret yenyewe ina baridi ya kutosha asubuhi, lakini mle ndani ni baridi ya kununua, na nilikuwa nikivaa sweta mbili huku wenzangu wakiota jua nje na vikombe vyao vya chai. Hawakuwa wakiniita. Mwanzoni waliniita, nikajibu "nakuja" mara nyingi mno, wakachoka.

Kampuni yetu hukusanya maziwa ya wakulima, wengi wao wa upande wa Moiben, na kazi yangu ni kutunza mahali kumbukumbu za maziwa hayo zinapokaa. Kwa macho ni seva moja tu. Ndani yake, lakini, kuna programu inayoigawanya iwe kama mashine kumi na moja, kila moja na shughuli yake: hii inapokea lita kutoka vituoni, ile ni ya maabara, nyingine ya barua pepe. Ni kama ploti ninayokaa kule Munyaka: jengo moja, milango mingi, kila mpangaji na sufuria yake. Programu hiyo nayo imesimama juu ya mfumo endeshi, ambao ndio msingi, na mwaka huo msingi ulikuwa umezeeka. Mfumo mpya ulishatoka na kila mtu anausifu, ila watengenezaji wa programu yetu walikuwa bado hawajahamia juu yake. Walisema wanajaribu. Walisema toleo jipya litatoka likiwa tayari.

Basi nikangoja. Kila asubuhi, kabla hata ya kuangalia kama maziwa yameingia, nilifungua jukwaa lao la mtandaoni. Palikuwa na watu wa kila pembe ya dunia wakiuliza swali moja: lini? Niliwajua kwa picha zao ndogo. Mmoja aliweka picha ya paka. Mwingine alikuwa mkali, kila wiki anatishia kuhamia programu nyingine na hahami. Mimi sikuwahi kuandika neno. Ila yule wa paka aliponyamaza wiki mbili nilijikuta nina wasiwasi naye, na hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba hali yangu si nzuri.

Sasa, nyumbani. Kwetu ni upande wa ziwa, na kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Mimi ndiye kifungua mimba. Baba alifariki kabla sijajenga, na bomani kulikuwa na nyumba ya mama peke yake na uwanja mtupu. Ndugu yangu anayenifuata ni seremala. Alikuwa na mke na watoto watatu, wote wakibanana katika chumba kimoja cha kupanga pale sokoni, wakinisubiri mimi. Hakuniomba makubwa. Nijenge nyumba ndogo ya mabati, nilale humo, kisha na yeye ajenge yake. Sharti lilikuwa mwenye nyumba awepo mwenyewe.

Alinipigia baada ya mavuno. "Bro, si ukuje hata wikendi moja tu? Miti nimeshakata, na mabati iko."

Nikamwambia wiki mbili. Nikamweleza kwamba toleo jipya linakaribia, na likitoka nikiwa mbali hakuna mwingine wa kulishughulikia. Wiki mbili zikawa miezi miwili. Akapiga tena.

"Hiyo kitu yako bado?"

"Bado. Iko kwa majaribio."

"Na ikitoka ukiwa huku, itakimbia?"

Nilikasirika. Nilimwambia kazi ya kompyuta si kama kupiga randa, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Akacheka, si kwa furaha. "Sawa. Lakini pia ngoja ngoja huumiza matumbo, bro."

Ile miti ilikaa ikinyeshewa. Jirani alipofiwa, watu wakaiomba wajengee kibanda cha waombolezaji, na ndugu yangu akaitoa, maana utamnyima vipi mfiwa?

Halafu akaja na wazo. Anijengee yeye, mimi nikiwa hukuhuku Eldoret. Nitume koti langu la zamani, alitundike ukutani, ihesabike kwamba nipo. Nakiri nilifurahi. Niliona ni suluhisho safi kabisa. Kutwa nzima nilikuwa nikishinda na mashine ambazo hazipo na zinafanya kazi kama zilizopo. Koti nikalituma na gari la mizigo siku iyo hiyo.

Siku ya pili mama alinipigia. Mama yangu hapigi simu, yeye hubipu ili apigiwe. Alisema polepole, kwa lugha yetu: "Nyumba ya mtu asiyekuwepo tunamjengea maiti, ili mwili ukiletwa upate pa kufikia. Wewe umekufa?"

Nikasema hapana, mama.

"Basi koti lako linarudi."

Na kweli lilirudi, limefuliwa na kukunjwa vizuri. Nilikaa nalo kitandani, mlango nimeufunga, nikalia. Mimi si mtu wa kulia.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeniambia ningoje. Bosi wangu, mama mmoja anayekaa Elgon View, alinikuta siku moja kwenye lile jukwaa akaniuliza mbona sijachukua likizo. Nikamweleza habari za toleo jipya kwa kirefu. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayejitibu.

"Si hii ya sasa inafanya kazi? Maziwa inaingia. Enda nyumbani, Engineer. Hiyo ingine utaipata ukirudi."

Alikuwa sahihi, na nilijua kuliko yeye, kwa sababu msingi wa zamani ulikuwa bado unaendelea kupata marekebisho ya usalama. Lakini mtu akijenga nyumba lazima alale ndani yake. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini, sina mke, na ningelala peke yangu katikati ya boma huku kijiji kizima kinaona. Nilikuwa naogopa. Ilikuwa rahisi kulaumu programu. Nikamwambia bosi nitaenda wiki ijayo, nikarudi kwenye kiti changu.

Toleo lilitoka Jumanne moja mchana. Nilisoma tangazo mara tatu. Jukwaani watu walishangilia, hata yule mkali akashukuru. Jumamosi asubuhi, ofisi ikiwa tupu, nikanakili kila kitu pembeni, kisha nikaanza kuihamisha seva. Nilikuwa nimejiandaa kupambana hadi jioni, nimebeba hata githeri ya chakula cha mchana. Kufikia saa nne kazi ilikuwa imekwisha. Mashine zote kumi na moja ziliamka, na lita za Moiben zikaendelea kuingia kama kawaida. Hakuna mkulima aliyejua kwamba kuna kilichobadilika. Nilitaka sana kumwambia mtu, na mtu pekee aliyekuwepo alikuwa mlinzi wa langoni. "Imekubali," nikamwambia. Akasema hongera, bila kuuliza ni nini.

Nikampigia ndugu yangu. "Imetoka! Nakuja Ijumaa. Tafuta miti mingine, tujenge yangu, halafu yako wiki hiyo hiyo."

Akakohoa. "Wewe kuja tu, bro. Mama atafurahi sana." Kisha akasema, "Sisi tulishahama. Tulipata kashamba kando ya lami, nyuma ya shule. Huko si kwa baba, hakuna mkubwa hakuna mdogo. Mtu anajenga tu."

"Lini?"

"Mwezi jana. Mama alisema nikuambie mwenyewe. Lakini kila nikipiga, unaniambia tu mambo ya hiyo kompyuta."

Ijumaa nilikwenda. Jumamosi asubuhi ndugu yangu alifika na nyundo, msumeno na vijana wawili. Hakuninunia wala hakusema neno baya; heri angelisema. Tukasimamisha nguzo, tukapiga mabati, na saa kumi mlango ukawa unafungika na kufunguka. Upande wa kushoto, pale ambapo yeye angejenga, mama alikuwa ameshapanda sukuma wiki. Vijana walipoondoka akatupikia kuku, tukala watatu, tukiongea habari za mvua. Halafu ndugu yangu akakusanya vyombo vyake, akamuaga mama, akanipa mkono kama anavyompa mgeni, akaenda kwake.