Muda Niliousahau Kwenye Ukinzani

Mwaka wangu wa kwanza chuoni Nchiru nilianguka jaribio la fizikia. Wikendi hiyo nilienda nyumbani Kibugu na karatasi nikiwa nimeikunja mara nne mfukoni mwa sketi. Mama aliipata alipotaka kuifua ile sketi. Hakufoka. Aliachia shule darasa la saba, akaingia kazi ya kuchuma majani chai, lakini karatasi yoyote yenye maandishi huisoma hadi mwisho.

Kesho yake tulichuma chai pamoja. Saa nne tulipoketi kwa chai na nduma, akaitoa ile karatasi.

"Hapa uliulizwa nini?"

"Vipimo vya ukinzani, Mama. Vile waya inazuia umeme. Unaonyesha umetokana na masi, urefu, muda na karenti: M, L, T na A."

"Na hii jibu uliitoa wapi?"

"Nilikariri."

"Basi wacha kukariri. Nianzie mwanzo."

Nikageuza karatasi, nikachukua kalamu, nikamweleza huku nikiandika. Kani ni masi mara mchapuko, yaani M L T⁻². Kazi ni kani mara umbali: M L² T⁻². Volti ni kazi kwa kila chaji, nikagawanya kwa A. Ukinzani ni volti kugawanywa kwa karenti, nikagawanya kwa A tena. Nikapata M L² T⁻² A⁻², jibu lilelile lililokatwa kwa wino mwekundu.

Mama alitafuna nduma yake polepole. "Hiyo chaji ndiyo karenti?"

"Ni karibu kitu kimoja."

"Karibu aje? Karenti ni nini?"

"Ni chaji inayopita kila sekunde."

"Sasa mimi nikichuma saa moja, na nikichuma mpaka jioni, majani kwa kikapu itakuwa sawa?"

Chaji ni karenti mara muda. Ni A T, si A peke yake. Kumbe nilikuwa nimeuacha muda nje. Nikaandika upya: volti M L² T⁻³ A⁻¹, ukinzani M L² T⁻³ A⁻². Nikamkumbatia kwa nguvu hata chai yake ikamwagika.

"Si unimwagie yote tu," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Niliporudia jaribio, niliandika kila hatua hadi ukurasa ukajaa, nikapita.

Siku hizi nafundisha fizikia Kanyakine. Jumapili baada ya kanisa Mama hunipigia simu kuuliza wiki hiyo nimefundisha nini, na haridhiki mpaka aelewe. Juzi ilikuwa transfoma. Alitaka kujua umeme unavukaje kutoka koili moja hadi nyingine na waya hazigusani. Salio lake likaisha tukiwa katikati, nikampigia mimi. Alikuwa ameshatafuta kalamu.