Kidole cha Dirrawi

Garrindi alikuwa na vidole tisa na kipande, kama mwanamke yeyote wa kwao aliyelelewa vizuri. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilimtoka akiwa bado ananyonya. Bibi yake alikifunga kwa uzi wa nywele, akawa anaukaza kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka kidole kikafa, kikakauka, na pingili mbili za juu zikadondoka zenyewe. Bibi akazitia kwenye mtumbwi wake wa gome, akapiga kasia hadi katikati ya ghuba ya kina baba yake Garrindi, akazitupa majini samaki wazile. Samaki walioionja nyama ya mtoto wanamjua, na akikua watamjia. Kwa hiyo mwanamke wa namna hiyo hatupi ndoana ovyo. Hurudi pale kilipozama kidole chake.

Na kweli walimjia. Alikuwa akipiga magoti mtumbwini, moto mdogo ukiwaka katikati juu ya bonge la udongo, anatafuna kome na kuwatemea majini, huku anaimba, huku mshipi umepita juu ya kile kipande cha kidole. Mumewe alikuwa mtu wa mkuki. Alisimama juu ya miamba tangu asubuhi, kifua mbele, na mara nyingi alirudi na mkuki mkavu.

"Naona mkuki wako leo umetoka kutembea tu," Garrindi alimwambia.

"Nyamaza, mke wangu, tuchome samaki."

"Samaki wa nani?"

"Wako. Wangu bado wanakua."

Hayo yalikuwa maisha, na hakuna aliyeyaona kuwa kitu cha kusimuliwa.

Kisha zikaja meli kumi na moja za Wazungu kutoka ng'ambo. Wahenga husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walishuka na majembe yao, mashoka yao, na kuku wao, wala hawakuuliza walale wapi. Asubuhi moja mashua yao iliingia kwenye ghuba ya kina Garrindi. Wakashuka, wakakokota juya, wavu mkubwa, kutoka upande mmoja wa mchanga hadi wa pili, na samaki wakamwagika ufukweni wengi kiasi ambacho hakuna mtu wa pale aliyewahi kuona kwa mkupuo mmoja.

Garrindi na wanawake wenzake wakachukua vikapu vyao, wakaenda kukaa mchangani. Ndiyo desturi. Ukivua kwenye maji ya mtu, unawavuta samaki nje, unaketi, unamwacha mwenye maji agawe. Wakakaa kusubiri wageni waketi.

"Hawa ni wanaume kweli?" mmoja aliuliza. "Mbona hawana ndevu?"

"Kawaulize."

"Kaulize wewe, uliye mjane."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wageni nao wakacheka, wakampa kila mwanamke samaki mmoja, mdogo, kwa uso wa mtu anayetoa sadaka. Garrindi akadhani ndiyo kwanza wanaanza kugawa. Alikaa na kikapu chake mapajani mpaka waliposhindilia samaki wote kwenye mashua na kuondoka. Mara ya pili hawakupewa hata mmoja. Mara ya tatu walielekezewa bunduki.

Mwaka uliofuata ilikuja ndui. Garrindi alilala pale mchangani na wenzake, na homa ilipomwachia alikuta mumewe amekufa, mama yake amekufa, na wanawe wawili wa kiume wamekufa, mmoja amelala kwenye mkono wake. Binti yake wa miaka sita alikuwa ameketi karibu na maji, mzima, anatafuna kome. Wahenga husema pia kifo cha wengi harusi. Aliyesema hivyo alikuwa na watu waliobaki wa kuja harusini. Garrindi alikuwa na mtoto mmoja, na mikono isiyo na nguvu ya kuchimba hata shimo la kufukia moto. Akawaacha palepale walipofia, mchangani na juu ya lundo la makombe ya kome, akamshika mtoto, wakaondoka.

Kwao mwanamke aliyefiwa huomboleza kwa sauti, na hujichana paji la uso kwa kombe kali. Garrindi alijichana. Damu ikashuka, akaitazama inavyodondoka kwenye goti, na hakusikia kitu. Alijichana tena, kwa nguvu zaidi. Lilikuwa kama paji la mtu mwingine. Akalitupa kombe, akaendelea kutembea.

Jina la marehemu halitajwi. Aliyeitwa kama marehemu huliacha jina hilo, na jamaa huketi wakampa lingine. Binti alikuwa amerithi jina la bibi yake, mama yake Garrindi aliyekufa kwa ndui, kwa hiyo sasa hakuwa na jina, na jamaa wa kuketi hawakuwepo. Garrindi alimwita "wewe". "Wewe, njoo ule." "Wewe, leta kuni." Akamwita hivyo miaka saba, mpaka walipokuwa wanaishi pembeni mwa mji wa wageni na mwoka mikate mmoja, Bi Dorkasi, akamchukua binti kufagia unga. Bi Dorkasi alimwita Poli, na Poli likabaki.

Poli akakua, akapata mume wa watu wao. Mume akaenda sehemu za juu za mto kuwatafuta ndugu zake, asirudi. Ikabaki mimba, kisha mtoto wa kike. Garrindi alitaka kumpa jina lisilokuwa la marehemu yeyote aliyemfahamu. Ilimchukua siku tisa kulipata. Akamwita Dirrawi.

Siku ya kumi akang'oa nywele zake, akazisokota uzi.

"Mama, kwani ni lazima?" Poli aliuliza.

"Mwanamke wa vidole kumi unamwona wapi?"

"Mjini. Wote wanavyo kumi."

"Na wote wananunua samaki."

Poli akacheka, maana ni kweli. "Haya, mfunge. Lakini usikaze sana."

"Nisipokaza hakifi."

Siku ya kwanza Dirrawi alilia. Siku ya pili alinung'unika tu. Siku ya tatu kidole kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi ya mawingu ya mvua, na mtoto alilala vizuri, ananyonya vizuri, kama vile mkono ule haukuwa wake. Garrindi alikigusa kwa ukucha. Mtoto hakushtuka. Garrindi aliridhika, ingawa kuridhika kwake siku hizo kulikuwa kitu kidogo sana.

Asubuhi ile Poli alimbeba mtoto kwenda naye kazini. Garrindi alipofika baadaye kubadilisha samaki wake wawili kwa mkate, alimkuta Bi Dorkasi katikati ya chumba cha unga na mkasi mkononi. Uzi wa nywele ulikuwa sakafuni.

"Mnamfunga mtoto!" Bi Dorkasi alipaza sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka kabisa. "Kitoto kichanga! Mna wazimu nyie?"

"Ndivyo tunavyofanya, bibi," Poli alisema, macho chini.

"Si hapa kwangu! Tazama!" Akainua gauni lake, akaonyesha vifundo vya miguu. Makovu ya pingu yalikuwa yamezunguka kote kote. "Miezi minane, ndani ya ile meli iliyotuleta wafungwa, kwa kipande cha kitambaa nilichoiba. Mimi ndiye ninayejua kufungwa. Hakuna anayefungwa ndani ya nyumba hii."

Garrindi alijua maneno machache ya lugha yao. Aliyatafuta. "Kidole ni cha samaki," alisema.

Bi Dorkasi alijishika kifua, akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayekula watu. Kisha, kwa kuwa alikuwa na moyo mwema, na huo ndio ulikuwa ubaya wa jambo lenyewe, alimpa mikate miwili badala ya mmoja.

Mtoto alikuwa kimya mpaka hapo. Halafu damu ikaanza kurudi kwenye kidole. Dirrawi alipiga ukelele ambao Poli hakuwahi kuusikia kwake, na hakunyamaza mchana kutwa. Garrindi alikaa naye nyuma ya tanuri la mikate, ameushika mkono mdogo uliokuwa mwekundu na moto. Kilipokuwa kinakufa hakulia hivi. Sasa kinapona, analia. Garrindi alikumbuka paji lake la uso na lile kombe, na aliogopa. Hakuogopa kwa ajili ya mtoto. Aliogopa kwamba siku moja na yeye damu yake itarudi, na mchana kutwa hautamtosha.

Kesho yake Poli aliutoa mfukoni uzi aliouokota sakafuni, akamnyooshea.

"Fanya tena, mama. Nitamficha. Nitamwambia Bi Dorkasi mtoto anaumwa."

"Ngoja kwanza nikaone pa kukitupa."

Hakuwa ameirudia ghuba ile tangu ndui. Wakati wote huo alivua karibu na mji, kwenye maji ya watu wengine waliokufa, akapata kidogo, akala. Lakini kidole cha mtoto hakitupwi kwenye maji ya watu. Akaingia mtumbwini, akawasha moto wake, akapiga kasia.

Alisikia harufu ya moshi kabla hajazunguka ule mwamba. Ghuba ilikuwa na nyumba sasa, na zizi la nguruwe, na juya limeanikwa juu ya miti. Pale palipokuwa na lundo la makombe, yale makombe ya kila chakula kilicholiwa na bibi zake na bibi za bibi zake, kulikuwa na tanuri. Wazungu wawili walikuwa wanayapakia kwa koleo na kuyachoma kuwa chokaa ya kujengea nyumba za mjini. Nusu ya lundo ilikuwa imeshakwenda. Garrindi alitazama upande ambao aliwaacha watu wake. Palikuwa tupu, pamesafishwa hadi mchangani. Koleo halichagui kombe na mfupa.

Alitafuta ndani yake kitu cha kusema au cha kulia, hakukipata. Kwa hiyo akafanya kazi iliyomleta. Akasogea mpaka katikati, pale hasa, akatafuna kome, akatema, akashusha ndoana, akaimba. Alijiwekea shauri moja: akipata samaki, hata mmoja, hata mdogo kama kidole, jioni atamfunga mtoto.

Aliimba mpaka jua likapita utosi. Hakuna kilichogusa mshipi. Juya lilikuwa limepita alfajiri, kama lilivyopita kila alfajiri.

Mmoja wa wale wachoma chokaa alimhurumia. Akashuka hadi kwenye maji, akaweka viganja mdomoni.

"Hapa hakuna samaki, mama!" alipaza sauti. "Wameisha! Rudi kwenu!"

Garrindi alivuta mshipi wake, akauzungusha mkononi taratibu, akageuza mtumbwi.

Poli alikuwa amemweka mtoto tayari, mkono nje ya ngozi aliyofunikwa. "Mama, umechelewa. Haya, mshike."

Garrindi aliuchukua uzi, akautia motoni. Nywele huungua haraka. "Mwache," alisema. "Akae na kumi."

Poli akaurudisha mkono ndani ya ngozi, akamfunika mtoto. Hawakulizungumza tena.

Dirrawi alipofika miaka mitano alikuwa amefundishwa na Bi Dorkasi kushona, na alishona vizuri kuliko watoto wa mjini. Wanawake wachache waliobaki upande wa pili wa maji walipopita kwa mitumbwi, waliutazama mkono wake wa kushoto, wakamtazama Garrindi, wasiulize. Ni adabu kutouliza. Garrindi aliwapa mkate.

Siku moja mtoto alikuwa amekaa karibu naye, anamsaidia kusokota mshipi. Akakishika kile kipande cha kidole, akakichezea.

"Bibi, kingine kiko wapi?"

"Kiko nyumbani."

"Kilikwenda lini?"

"Zamani. Kilitangulia, mimi nikiwa mdogo kuliko wewe."

Dirrawi aliwaza. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, vidole vyote vitano vimetanuka. "Na changu kitakwenda lini?"

Garrindi alikishika kidole kidogo, akakibana ncha mpaka ikawa nyeupe, akaachia, akatazama damu inavyorudi.

"Chako hakina pa kwenda," alisema, akamrudishia mkono wake.