Nani Alibadilisha Chaguo Langu la Umeme?

Admin, nifichie jina. Wakubwa zangu shikamooni. Mie ni binti wa miaka 22, nasoma uhandisi hapa Dar, nimemaliza mwaka wa pili. Nyumbani ni Mbagala kwa mama, ila tangu nianze chuo naishi Madale kwa dada yangu wa tumbo moja na mume wake. Hawajawahi kuninyima kitu, ndiyo maana hii ishu inanitafuna.

Chuoni kwetu miaka miwili ya mwanzo tunasoma wote pamoja, halafu kila mtu anachagua mkondo wake kwenye mfumo wa chuo: umeme, mitambo au ujenzi. Unapanga la kwanza mpaka la tatu. Mie tangu utoto nataka umeme. Baba yetu alikuwa fundi umeme, nilikuwaga namshikia tochi akiwa juu ya ngazi. Alipigwa shoti kwenye nyumba ya mtu akafariki, nikiwa na miaka kumi na moja. Watu wanadhani ningeogopa. Mie nilitaka kujua ilikuwaje.

Shemeji ni mhandisi wa ujenzi, ana kampuni yake ndogo. Kila tukikaa kula ananiambia, "Shemela, njoo ujenzi, ukimaliza tu unaanza kazi kwangu." Nacheka, yanaisha. Nikajaza umeme la kwanza, mitambo la pili, ujenzi la tatu. Sikumwonyesha mtu.

Majina yalipotoka nikajikuta ujenzi. Nikadhani alama hazikutosha, lakini mbona niliowazidi wamepata umeme? Nikaenda kwa mkuu wa idara. Akafungua kompyuta, akanigeuzia kioo. "Binti, si wewe mwenyewe uliyeweka ujenzi la kwanza? Ulibadilisha Jumapili mchana, siku ya mwisho."

Jumapili ile mchana nilikuwa Mbagala kwa mama. Kompyuta yangu niliiacha mezani Madale, na paswedi imehifadhiwa humo humo.

Kuanzia hapo nikawa polisi ndani ya nyumba ya watu. Shemeji akiniuliza habari za chuo, nawaza mbona anauliza sana. Akinyamaza, nawaza mbona kanyamaza. Nikawa nakwenda na kompyuta mpaka bafuni jamani. Siku mama alipokuja kututembelea nikashindwa kuvumilia, nikamlipukia shemeji sebuleni: "Umeniharibia maisha yangu ili upate mfanyakazi!"

Hakubisha. Alimtazama dada kwanza, kisha akaniambia, "Kama unaamini ni mimi, sina la kusema." Akatoka nje. Dada alikuwa anakunja nguo, hata hakuinua uso. Mama akaondoka bila kumuaga mkwe wake, na mpaka leo hapokei simu zake.

Mie nikajua kesi imeisha. Hadi Jumatano hii, tuko jikoni na dada tunachambua mchicha, akawa ananibembeleza: "Mdogo wangu, ujenzi si mbaya. Kwani si uliuweka wa tatu? Maana yake hata wewe ulikuwa unautaka kidogo."

Nikaacha mchicha. "Dada, nani kakwambia niliuweka wa tatu?"

"Si uliniambia mwenyewe?"

"Sijakwambia."

Akasema taratibu, "Mie ndiye niliyekwenda mochwari kumtambua baba. Wewe walikuzuia." Akafungua bomba, akaanza kuosha mchicha ambao hatujamaliza kuuchambua.

Hakukiri, na mie sikuwa na nguvu ya kuuliza tena. Lakini tangu siku hiyo silali vizuri. Shemeji alijua, akabeba lawama ili kumficha mkewe? Au walikaa wakapanga wote wawili, mmoja kwa woga wake, mwingine kwa faida yake? Wakicheka chumbani kwao, nasikiliza. Najichukia, ila nasikiliza.

Mkuu wa idara amenipa hadi Jumatatu nilete barua ya kukata rufaa. Amesema nisipoeleza aliyeingia kwenye akaunti yangu, itaonekana nimegeuka mwenyewe. Nikimtaja mtu, suala linakwenda kwenye kamati ya nidhamu na huenda likafika polisi. Barua nimeshaiandika, nimeacha nafasi ya jina.

Nikiijaza, namtaja dada aliyenilea mama alipokuwa hajiwezi kwa msiba, tena kwa ushahidi wa neno moja la jikoni. Nisipoijaza, nasomea miaka miwili kitu ambacho sikukichagua. Na shemeji nitamwombaje radhi, wakati ili mama amwelewe lazima nimwambie ni mwanaye ndiye aliyefanya?

Ndugu zangu, kwa nafasi yangu mngeandika jina au mngechana barua? Nipeni mawazo, hata makali nitayapokea, ila msimtukane dada yangu. Yeye ndiye aliyenionyesha ukurasa huu, na anausomaga kila siku.