Jeki Iliyokuwa Ikishuka

Mume wangu anaunda malori kiwandani Södertälje, huku Uswidi tunakoishi. Huko kazini, kila kifaa anachoshika kimepimwa na kupimwa tena, na spana ikianza kulegea inaondolewa mikononi mwa watu siku hiyo hiyo. Lakini akishuka kwenye treni kituo cha Spånga na kufika nyumbani, anakuwa mtu mwingine. Nyumbani ananunua vifaa kwa kuangalia bei tu.

Nilianza kuviogopa vifaa vyake siku alipotoboa ukuta wa chumba chetu cha kulala kwa keekee ya umeme aliyoiokota kwenye kapu la vitu vya bei ya chini. Ilitoa moshi ikiwa bado imezama ukutani. Akaachia kitufe, haikuzimika. Iliendelea kuzunguka yenyewe huku ikinguruma, na yeye ameikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyemkamata nyoka shingoni, mpaka nilipokimbia kuchomoa waya.

"Si tundu limetoboka?" alisema, akicheka.

Mimi sikucheka. Kazi yangu, kwenye ofisi moja kule Kista, ni kujaribu programu za kompyuta kabla hazijapewa wateja. Kutwa nzima nawaza kitu kitaharibikia wapi. Wengine wakitoka kazini wanaiacha hali hiyo ofisini, mimi narudi nayo nyumbani. Ngazi yake ya kukunja niliiona inatikisika hata ikiwa imeegemezwa tu stoo. Bisibisi zake zilipinda ncha kwenye skrubu za kabati. Kila nikimwambia, jibu lilikuwa lile lile: "Mke wangu, natumia mara moja tu."

Kisha ikaja boti. Aliinunua pamoja na jirani yetu, Mkongo mmoja ambaye wanapatana kama ndugu wa tumbo moja. Ilikuwa kuukuu, yenye kibanda kidogo mbele, na majirani wengine walishangaa sisi tunataka nini majini. Mimi nilipenda kuwaona wale wawili wakibishana juu ya injini. Sikujua kwamba kitakachonitisha hakitakuwa maji.

Huku, baridi ikikaribia, boti hutolewa ziwani na kuwekwa nchi kavu. Mkuku, ule uti wa chini kabisa wa boti, unakaa juu ya magogo mafupi, na ubavuni inategemezwa na miguu ya chuma ili isilale upande. Majira ya kuchipua yakifika, wenye boti wanakwangua matumbo yake na kupaka rangi. Ila pale mkuku unapokalia gogo huwezi kupaka bila kuiinua boti kidogo, na ili uiinue unahitaji jeki.

"Shemeji, zungumza na bwana yako," jirani yetu aliniambia mlangoni. "Kwa hii tutafute jeki ya kweli. Jeki ya sérieux. Boti ni nzito, haichezi na mtu."

"Ndugu yangu, tunaitumia mara moja kwa mwaka," mume wangu alijibu kutoka jikoni. "Mara moja! Kwa nini tununue kama tunafungua gereji?"

Alirudi na jeki nyekundu ambayo bado ilikuwa inanukia rangi. Niliinyanyua kutoka kwenye mfuko kwa mkono mmoja, bila kujikaza hata kidogo. Wepesi ule ndio ulionitia wasiwasi. Nikamuuliza kitu chepesi hivi kitabebaje boti. Akaniambia nguvu iko kwenye mafuta yaliyomo ndani, si kwenye chuma, na kwa hilo hakukosea.

Jumamosi ile jirani yetu alikuwa na zamu kazini. Nilimwomba mume wangu amsubiri. Alisema jua kama lile halipatikani kila siku, akapakia rangi na brashi kwenye gari. Nikaenda naye, kwa sababu kubaki nyumbani nikiwaza kungekuwa kubaya zaidi.

Uwanja wa boti ulikuwa karibu mtupu. Upepo ulipigapiga maturubai, na mbali kidogo mama mmoja wa Kiswidi, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa anakwangua boti yake. Mume wangu aliweka jeki kando ya gogo, akapampu. Boti ikapanda taratibu, ikilia kwa ndani kama kabati la zamani. Gogo lilipolegea aliligonga kwa nyundo likatoka, akalisukuma upande wa pili. Halafu akatandika boksi la karatasi kwenye changarawe, akalala juu yake na kujivuta chini ya boti na brashi yake. Mimi nilichuchumaa nikimshikia kopo la rangi.

Niliona unyevu kwenye shingo ya jeki. Kwanza nilidhani ni rangi imemwagika. Kisha nikaona kile chuma kinachong'aa, kinachochomoza kuinua boti, kimekuwa kifupi kuliko mwanzo.

"Hebu toka," nikasema.

"Namalizia."

"Toka. Jeki inashuka."

"Inashuka wapi? Wewe nawe na hofu zako..."

Hakukuwa na kishindo. Nilisikia mguu mmoja wa chuma ukikwaruza changarawe, basi, na boti nzima ikainama upande wake, kiasi cha kiganja hivi. Brashi ikamtoka mkononi. Akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu anayetaka kukohoa akashindwa.

Nikamwita. Hakujibu. Nikamwita tena nikiwa nimelala kifudifudi, shavu langu kwenye changarawe, nikauona uso wake umegeukia kwangu, macho wazi.

"Nimebanwa," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayebania pumzi aliyobaki nayo.

Na boti ilikuwa bado inashuka. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo. Kingekuwa kitu kimeanguka na kutulia ungejua uanzie wapi. Hiki kilikuwa kinakuja polepole, kimya, na chini yake yuko mume wangu. Gogo alilolitoa lilikuwa ng'ambo yake, mkono wangu haukulifikia. Nilikimbilia boti nyingine iliyokuwa kando, nikachomoa gogo fupi lililokuwa limekandamiza turubai, nikalisukuma chini ya mkuku, likakwama, nikalipiga kwa kisigino cha kiatu mpaka likaingia. Nikasikia ubao wa boti ukilia. Nikangoja. Ukanyamaza, na boti ikasimama.

Nikashika mpini wa jeki nikapampu. Ulikwenda juu na chini bila uzito wowote, kama nachota hewa. Hapo nikapiga kelele. Kiswidi chote kilikuwa kimenitoka kichwani. Nililia "Nisaidieni! Nisaidieni!" kwa Kiswahili, na yule mama akaja mbio kwa sababu ya sauti tu.

Aliinama akaangalia, rangi ikamtoka usoni.

"Usimvute," aliniambia kwa Kiswidi. "Tuinue kwanza. Usimvute!"

Alikimbia, kwa umri ule, akarudi akiburuta jeki yake kwenye kitoroli. Ilikuwa kubwa, chafu kwa grisi, na ilitulazimu kuishusha sote wawili. Akatia ubao mpana chini yake ili isizame kwenye changarawe. Alijaribu kuingiza mpini kwenye tundu lake, akalikosa mara mbili. Tuliuingiza pamoja. Yeye akapampu taratibu, jicho likiwa kwenye mkuku, nami nikalala tena chini.

"Unapumua?"

"Kidogo kidogo."

"Usinyamaze. Sema chochote."

"Koti," alisema. "Koti langu limeshikwa."

"Liache koti."

Boti ilipopanda, alijivuta kwa viwiko, mikono ikitoka mmoja mmoja kwenye koti lile, mpaka nikamshika kwapani akawa juani. Yule mama akakaa chini pale pale kwenye changarawe, akajifunika uso. Nikatoa simu nikaita gari la wagonjwa.

Mbavu zilikuwa zimepata ufa. Daktari alisema zitapona zenyewe, na kweli zilipona. Jioni ile, tulipokuwa tumerudi nyumbani, jirani yetu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akasimama mlangoni mwa chumba bila kuvua viatu.

"Ndugu, ningemwambia nini mama yako?" aliuliza. "Ningepiga simu, halafu niseme nini?"

Mume wangu, pale kitandani, aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na kwa mbavu zile najua kila mtikisiko ulimuumiza.

Alipopata nafuu, wanaume wale wawili walikwenda kununua jeki nzuri, aina ile ile ya yule mama. Waliileta kwa fahari na kuiweka katikati ya sebule. Ilikuwa nzito kweli. Nilitegemea kwamba nikiiona moyo wangu utatulia, lakini haukutulia. Nikachukua karatasi ya maelekezo nikaisoma yote, kama ninavyofanya kazini, nikakuta sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi nene: mtu asiingie kamwe chini ya mzigo unaoshikiliwa na jeki peke yake.

"Hii ndiyo ile ya bei kubwa?" nikauliza.

"Ndiyo," mume wangu akasema.

Nikamsomea. Akaniomba karatasi, akaisoma mwenyewe, kisha akampa mwenzake. Nilimwona mume wangu anamaka, kwa sababu wiki zote zile alikuwa amejilaumu kwa bei tu. Sasa alitambua kwamba hata na jeki hii angeweza kulala pale pale, kwa namna ile ile, akiwa na imani kubwa zaidi.

Jumamosi iliyofuata hawakugusa rangi. Walishinda uani wakikata mbao nene za kuiegemeza boti kando ya jeki, kwa msumeno mpya mkali, na kuzipanga moja juu ya nyingine, na kila walipomaliza rundo moja, mume wangu alipanda juu yake akarukaruka kwa uzito wake wote. Mimi nilikuwa dirishani nikimwangalia, mkono kifuani, nikisubiri kusikia mbao zikilia.